Mvua Ikigoma, Deni ni la Nani?

Kila ifikapo Juni vyuo vikuu vya Ulaya hufungua kozi zao fupi za kiangazi. Ni wiki mbili, tatu, pengine sita, na miongoni mwa masomo yanayowavuta vijana wetu wa uchumi, uhasibu na mazingira ni lile la fedha endelevu na mabadiliko ya tabianchi: benki ipimeje hatari ya ukame iliyojificha ndani ya mikopo yake, hati fungani ya kijani itolewe vipi, tani ya hewa ukaa ipimwe na iuzwe namna gani. Somo ni zuri, na anayepata ufadhili wa kulifuata asisite. Ila neno kiangazi lenyewe hubadilika maana ukivuka bahari. Huko ni likizo na jua la kupendeza. Tabora kiangazi huanza mvua zinapokatika mwezi Mei na hudumu hadi Novemba inapobisha hodi. Nyasi hugeuka rangi ya makuti, moto hupita mwituni, marobota ya tumbaku hupangwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, na mkulima hujua kama msimu umemlipa au umemwachia deni. Huo ndio msimu wa hesabu. Nikitazama jinsi somo hili linavyopangwa mara nyingi, kuanzia kipimo cha kaboni, kupitia taarifa za kampuni, hadi masoko ya mitaji, naona limeanzia katikati. Swali la kwanza la fedha na tabianchi ni la zamani zaidi ya hayo yote: mvua ikigoma, hasara inamwangukia nani? Kwa Afrika Mashariki, darasa la swali hilo lipo Tabora, kwenye njia ya misafara iliyoupa mji huo uhai.

Biashara ya njia hiyo ilisimama juu ya mkopo tangu hatua ya kwanza. Mwarabu, au Mswahili wa pwani ya Mrima, aliyetaka kwenda Unyanyembe, nchi ya Tabora, katika karne ya 19 kwa kawaida hakutoka Zanzibar na fedha zake mkononi. Alitoka na bidhaa za watu. Nguo ya merikani iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za bandari ya Salem, kaniki kutoka India, shanga ambazo kila nchi ilikuwa na rangi yake iliyopendwa, masongo ya waya: vyote vilitolewa kwa mali kauli na matajiri wa Kihindi wa Unguja, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kwa kuwa riba ni haramu kwa Mwislamu, faida ya mkopeshaji iliingizwa ndani ya bei. Aliyechukua kwa mkopo aliandikiwa bei ya juu kuliko aliyelipa taslimu. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe ambaye baba yake Muhammed bin Juma alikaa Ituru karibu na Tabora na kumwoa Karunde binti wa mtemi Fundikira, alipanda kwa ngazi hiyohiyo. Nyuma ya safari zake kubwa za kuelekea Kongo kulikuwa na mali ya Tharia Topan, mmoja wa matajiri hao wa Kihindi. Tumezoea kumsimulia kama mtu wa bunduki, na bunduki alikuwa nazo, lakini mwanafunzi wa fedha akimtazama vizuri atamwona kwanza kama mdaiwa, mtu ambaye kila pembe aliyoipata ilikuwa tayari na mwenyewe pwani.

Sasa angalia hatari ilivyogawanywa. Mkopeshaji aliyekaa Unguja alitawanya mali yake kwa wasafiri wengi, na hasara ya mmoja akaifidia kwa bei aliyowatoza wote. Msafiri alibeba hatari ya njia: ndui, njaa, vita, pembe kuadimika. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Unyamwezi alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, wafanyabiashara wa Unyanyembe walibaki na madeni yasiyotembea, na Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wao akashindwa pamoja nao. Chini ya wote alikuwepo mpagazi. Yeye alibeba karibu frasila mbili, kama kilo 32, na akifa njiani mzigo ulihamia begani kwa mwenzake. Hata hivyo mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtu wa kuburuzwa tu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujira, waliopatana malipo na posho na waliojua kugoma. Na walikuwa na kalenda yao: safari ni ya kiangazi, baada ya mavuno, na mtu awe amerudi kushika jembe mvua za kwanza zinaponyesha. Tajiri aliyechelewa aliona watu wakimponyoka, kwa sababu shamba lisilolimwa Desemba ni njaa ya mwaka unaofuata. Mtaji wote ule wa Unguja, pamoja na vitabu vyake vya hesabu, ulilazimika kusubiri mawingu ya Unyamwezi.

Kati ya pwani na Tabora ipo Ugogo, nchi kavu, na hapo msafara ulikutana na bei ya maji. Watemi wa Ugogo walitoza hongo: doti kadhaa za nguo kwa ruhusa ya kupita, na visima navyo vilikuwa na malipo yake. Doti, kwa asiyeijua, ni shuka mbili, yaani dhiraa nane. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira juu ya tozo hiyo na kuiita unyang'anyi. Lakini mahali ambapo msafara wa mamia ya watu ungeweza kukausha kisima cha kijiji kabla jua halijazama, hongo ilikuwa bei ya kitu adimu, ikilipwa kwa aliyekitunza. Leo wataalamu huliita jambo hilo malipo kwa huduma za mazingira, na huliandikia miongozo. Neno letu lilichukua njia nyingine. Lilianza kama ushuru wa wazi, likaishia kuwa rushwa. Historia ya neno hilo moja ingetosha kipindi kizima juu ya mgawo wa mapato ya kaboni, kwa sababu fedha ileile ikipokelewa mbele ya mkutano wa kijiji ni ushuru, na ikipokelewa chumbani na mtu mmoja ni hongo ya leo.

Somo zito zaidi ni la pembe. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe, alionyesha jinsi bei zilivyoachana kama makali ya mkasi: bei ya pembe Zanzibar ilipanda kwa miongo mingi, huku bei ya nguo za viwandani ikibaki palepale au kushuka. Kwa mkopeshaji hiyo ni neema juu ya neema. Nguo ileile ilinunua pembe, na pembe ileile ilizidi thamani ikifika London au Connecticut, ambako ilikatwa kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi. Vitabu vyote vilionyesha faida. Tembo hakuwa na safu yake humo, wala kijiji kilichochomwa, wala binadamu aliyeuzwa ili pengo la deni lizibwe. Kwa hiyo deni lilifanya kazi ambayo deni hufanya kila mahali: lilimsukuma mdaiwa mbele. Tembo walipopungua Unyamwezi, misafara ilikwenda Manyema, mashariki ya Kongo. Tabora, iliyokuwa mwisho wa safari, ikawa kituo cha kupumzikia. Wanafunzi wa leo hufundishwa kwamba mali ya asili ni mtaji, na kwamba anayekula mtaji hapaswi kuuita faida. Njia hii ilikwishaliandika somo hilo, na iliandika pia jambo ambalo vitabu vya kozi hulipitia haraka, kwamba aliyekula mtaji huo hakuwa aliyebaki na pori tupu.

Ukivuka kutoka enzi ya misafara hadi enzi ya reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, unakutana na ushahidi mwingine ulioachwa kandokando ya njia hiyohiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ujumbe uliotumwa Tanganyika mwaka 1946 ukapendekeza karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa kama pauni milioni 25. Kongwa, jirani na kituo kikongwe cha misafara cha Mpwapwa, ilichaguliwa kuwa kitovu. Urambo, nchi ya Mirambo magharibi mwa Tabora, ikafuata, pamoja na Nachingwea kusini. Matrekta yalikuja, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Ardhi ya Kongwa, yenye udongo wa mfinyanzi, ilikauka ikawa ngumu kama sakafu na karanga zikakwama ndani yake. Mvua zilikuja chache na kwa mafungu. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango na kuandika hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho cha ukoloni, na kichekesho kimo. Mimi naona zaidi ya hapo. Hesabu zake ziliandaliwa na watu wenye ujuzi, majedwali yalijumlishwa vizuri, ila mvua ya wastani ilichukuliwa kana kwamba ndiyo mvua ya kila mwaka. Hasara ya fedha ilimwangukia mlipa kodi wa Uingereza, jambo ambalo ni nadra katika historia hii. Hasara ya misitu ya miombo iliyong'olewa ilibaki Urambo.

Na Urambo haikurudi kuwa pori. Kwenye mabaki ya mpango ule, chini ya Shirika la Kilimo la Tanganyika, kililetwa kilimo cha tumbaku ya mvuke, na hadi leo Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui ni nchi ya tumbaku. Hapa mwanafunzi anahitaji kukaa kitako, maana mkopo unaonekana kwa macho. Kabla ya msimu mkulima hutoa makisio: atalima kiasi gani, atavuna kilo ngapi. Kwa makisio hayo hupewa pembejeo kupitia chama cha msingi, AMCOS: mbolea, mbegu, dawa, nyuzi za kufungia. Jani likiiva huchumwa, hutundikwa kwenye vijiti ndani ya bani, jengo refu la matofali lenye tanuri chini na mabomba ya kupitisha joto, na moto hukeshewa kwa siku tano hadi wiki nzima, usiku na mchana, joto likipandishwa hatua kwa hatua, kwa sababu ukizembea jani hubadilika rangi na rangi ndiyo daraja. Kiangazi mteuzi hupita kwenye marobota, kila robota hupewa daraja lake, na daraja lina bei yake kwa dola. Kabla mkulima hajapokea chake, deni hukatwa. Mvua ya mawe ikitoboa majani Januari, mbolea iliyokwishamwagwa shambani haipungui kwenye daftari. Na pale mkopo unapokuwa wa chama kizima, wenzake waliovuna vizuri hukatwa ili pengo lake lizibwe. Dhamana ya pamoja ni kitu cha busara mmoja anapougua. Ukame unapowapiga wote kwa mpigo, dhamana ile hugeuka kamba moja iliyofungwa viunoni mwa watu wanaozama wote.

Zitazame kuni za bani. Kwenye orodha ya gharama za mkulima mara nyingi zinaandikwa kama gharama ya kuzikata na kuzisomba. Mti wenyewe, mtundu au muyombo uliokua miongo mingi, ni bure. Mikataba humtaka mkulima apande miti na mingine hupandwa kweli, na mabani ya kisasa hula kuni chache kuliko ya zamani. Lakini ile safu iliyokosekana kwenye vitabu vya pembe bado inakosekana, na Benki Kuu ya Tanzania, iliyotoa mwongozo wa mwaka 2022 unaozitaka benki zisimamie hatari za kifedha zitokanazo na tabianchi, haitaweza kuiona kutoka Dar es Salaam hadi awepo mtu wa kuijaza kutoka Sikonge.

Pingamizi la kwanza nalisikia kwa nguvu, na lina haki. Msomaji atasema: haya ni historia na siasa, kijana anahitaji lugha ya masoko. Fedha zipo, na zinazungumza kwa vipimo. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa hati fungani ya kijani, Kijani Bond, ikilenga Sh40 bilioni kwa awamu ya kwanza, ikapata zaidi ya Sh171 bilioni. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilifuata na hati fungani ya Sh53.12 bilioni ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, na ikauzwa yote. Jirani na Tabora, kwenye milima ya Ntakata wilayani Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinapata mapato kwa kutunza msitu na kuuza kaboni; kanuni za biashara hiyo zilitungwa mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Asiyejua kusoma taarifa ya uzalishaji wa gesi joto atabaki mlangoni. Nakubali yote hayo. Sisemi kipimo kisifundishwe. Nasema kifundishwe baada ya swali, kwa sababu kipimo hufuata swali ulilouliza. Hati fungani ya Tanga ni mfano mzuri. Mnunuzi atalipwa asilimia 13.5 yake mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, wakati mamlaka ya maji hukusanya ankara kwa kilichotoka bombani. Ukame ukija, tofauti hiyo ataibeba mteja kwa bei, au mamlaka kwa kuahirisha matengenezo, au serikali. Haliwi jambo baya kwa sababu hiyo. Mji unahitaji maji na fedha za ndani ni afadhali kuliko dola. Ila rangi ya kijani ya hati hiyo haimwambii mwanafunzi lolote juu ya mgawo huo wa hatari.

Tabora yenyewe inalijua hilo. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofikishwa Tabora, Igunga na Nzega yamegharimiwa kwa mkopo wa India kupitia Exim Bank, wa dola zipatazo milioni 268. Ni mradi wa kuhimili tabianchi kwa kila maana ya neno, katika mji uliozoea kulitazama bwawa la Igombe likipungua mwaka wa ukame. Nao ni deni, la dola, na linalipwa na taifa ambalo mchango wake kwenye joto la dunia ni mdogo mno. (Mwenye kumbukumbu atatabasamu kwamba Tabora inakopa tena kwa Mhindi.) Hali ni hiyohiyo duniani: kati ya fedha za umma ambazo nchi tajiri zilitoa mwaka 2022 kwa ajili ya tabianchi ya nchi zinazoendelea, zaidi ya theluthi mbili zilikuwa mikopo. Mkutano wa tabianchi wa Baku wa mwaka 2024 uliahidi dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Anayesoma ahadi hiyo kwa macho ya mpagazi hatauliza kwanza ni bilioni ngapi. Atauliza ngapi zitarudishwa, kwa sarafu gani, na mwaka wa ukame itakuwaje.

Ushahidi mgumu kuliko yote, nao una pande mbili, upo Sojo, wilayani Nzega. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda cha kuyavika mabomba ya EACOP, bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, tabaka la kuhifadhi joto, kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito kama nta na lazima yasafirishwe yakiwa ya moto. Bomba hilo lina kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani mjini Tanga, sehemu kubwa ikiwa Tanzania. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, Uganda na Tanzania zina asilimia 15 kila moja kupitia mashirika yao ya mafuta, na CNOOC ya China asilimia 8. Wanaharakati waliziandama benki, na benki nyingi kubwa za Magharibi zikatangaza hazitaligharimia. Machi 2025 mradi ukatangaza awamu ya kwanza ya mikopo kutoka kwa Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, KCB ya Uganda na wengine. Kwenye darasa la kiangazi la Ulaya kisa hiki kingemalizika haraka: mafuta ni machafu, benki zilizokataa zilifanya vema. Kwenye darasa la Nzega, penye vibarua na mafundi waliopata ujira pale Sojo na wakulima ambao ardhi yao imepitiwa, kingechukua siku nzima. Mimi sina shaka kwamba dunia lazima iache mafuta, wala sina shaka kwamba nchi iliyochelewa kuchimba haiwezi kuambiwa iwe ya kwanza kuacha. Lakini swali letu bado linafanya kazi hapa kuliko kaulimbiu za pande zote mbili: mahitaji ya mafuta yakishuka duniani kabla deni halijaisha, ile asilimia 15 ni mali ya nani? Ni ya umma. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa kuogopa ukame tu amefundishwa nusu. Ipo pia hatari ya dunia kubadili mawazo huku bomba limekwishafukiwa.

Pingamizi la pili ni la vitendo: Tabora haina walimu, maktaba wala vyumba vya somo kama hili. Hapana, vitu hivyo vipo, ila havijawahi kuketishwa meza moja. Kuna AMUCTA, chuo kilichopewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na kilimo mseto cha miti na mazao. Kuna tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, na hilo tu lingetosha, kwa sababu asali ya miombo ndiyo zao linalomlazimisha mkopeshaji afikiri upya: haihitaji mbolea, inauhitaji msitu ukiwa umesimama, na ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora ulianza mwaka 1962, enzi ambazo neno kijani lilikuwa rangi tu. Mavuno yake makubwa huangukia humohumo kiangazini. Nayo asali isifanywe malaika. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuuvua mti ngozi yake yote, na mti huo hufa. Mzinga wa mbao hauui mti, ila unagharimu fedha, na fedha hiyo mfuga nyuki hana dhamana ya kuikopea, kwa kuwa msitu si wake na nyuki hawawekwi rehani. Mpe mwanafunzi tatizo hilo moja kwa wiki mbili. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilete wajuzi wa vyama vya msingi, Sokoine walete wapimaji wa kaboni, na vyuo vya Ulaya vialikwe, safari hii wao wakiwa ndio wanafunzi wanaoomba viza.

Lipo na pingamizi la tatu, lisilosemwa kwa sauti: kwamba kuifanya njia ya misafara kuwa darasa ni kupamba barabara ya watumwa. Tanzania iliiweka njia hiyo kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, na huko Kwihara lile tembe walilokaa Stanley na Livingstone limegeuzwa makumbusho. Wageni hupelekwa hapo kusikia habari za wavumbuzi. Napendelea wapelekwe kusikia habari za madaftari. Utumwa na pembe vilikuwa biashara iliyogharimiwa kwa uangalifu, na watu waliotimiza ahadi zao na kuaminiana kutoka Salem hadi Unguja hadi Unyanyembe. Kwa kipimo cha wakati ule mikopo hiyo ilikuwa mizuri. Sijui mfano mwingine unaomwonyesha mwanafunzi wa benki kwa ukali namna hiyo kwamba mkopo unaolipwa vizuri unaweza kuwa umelipwa na mtu asiyekuwemo kwenye mkataba.

Wala njia hii haina maonyo tu. Hatua chache kaskazini, Shinyanga, na kwa Wanyamwezi wenyewe, upo utaratibu uitwao ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, miti huchipua, na kiangazi kikishakaza, malisho ya nje yakiwa vumbi, ngitili hufunguliwa. Ni akiba, kwa maana kamili ya neno hilo. Utaratibu huo ulikuwa karibu kufa serikali ilipoanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI mwaka 1986, na hadi mradi ulipomalizika mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejeshewa uoto. Mwaka 2002 ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Fedha za wafadhili zilisaidia, lakini hazikubuni kitu. Sheria ya ngitili ilikuwapo, na walioisimamia ni wazee wa dagashida, baraza la kimila, na walinzi wa jadi wa sungusungu, waliojua kutoza faini na kusamehe. Mwanafunzi akikaa kwenye baraza lao mwezi Agosti, ngitili ya jumuiya ikiwa bado imefungwa na maksai wamekonda hadi mbavu zinahesabika, hatasikia neno riba wala kaboni. Atasikia watu wakibishana kwa muda mrefu kama wafungue leo au wasubiri wiki mbili zaidi, na wakifungua, ng'ombe wa nani watangulie: wa mwenye kundi kubwa, au wa mjane mwenye wawili.